Kahawa Iliyokula Nauli

Barua ilifika Jumanne, imekunjwa mara nne, na mwandiko ulikuwa wa Mwalimu Lazaro wa shule ya kule milimani. Ilikuwa fupi. Kijiji chote cha juu ya Mamboya kilikuwa kinahamishwa kuteremka Msowero, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na lori la mwisho lingeondoka Jumamosi ya mwisho ya Septemba. "Mama yako ameshafunga mizigo," aliandika mwalimu, "lakini anasema hapandi lori la mtu mpaka mwanawe aje amchukue mwenyewe. Njoo, Melkizedek. Safari hii usituandikie kwamba unakuja. Njoo."

Melkizedek aliisoma amesimama penye mizani ya mizigo, stesheni ya Kilosa, akaisoma tena akizunguka mizani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na ushei. Alimwomba mwenzake Vitalis amshikie kazi kidogo, akavuka barabara kwenda kunywa kahawa, maana ndivyo alivyofanya kila jambo lilipomzidi kimo, na yalipokuwa hayamzidi pia.

Ng'ambo ya stesheni kulikuwa na hoteli ya Bi Mwamvua, banda la mabati lenye mabenchi mawili na birika la shaba ambalo halikupoa tangu alfajiri. Kahawa yake ilijulikana mpaka Kimamba. Ilikuwa nyeusi, kali, tangawizi ikipiga kooni, na nyuma yake kulikuwa na ladha nyingine ambayo walevi wake walibishana miaka wasiipatie jina. Melkizedek alikunywa vikombe vinne kwa siku. Kikombe kilikuwa cha senti chache tu, na hapo ndipo ulipokuwa mtego, kwa sababu mtu haoni uchungu wa kutoa senti.

Alikuwa hajamwona mama yake miaka mitatu. Alimpenda, tena sana, lakini kwao mtoto mwenye kazi mjini hapandi mlima mikono mitupu. Anakwenda na blanketi, sukari, doti ya khanga na kitu cha kuwagawia majirani, la sivyo ni heri asiende. Kila mwezi Melkizedek aliweka kitu kando kwa ajili ya safari, na kila mwezi kile kitu kiliyeyuka asijue kimepitia wapi.

Mkewe alijua. Yudith alikuwa mwanamke wa Kimamba, na majirani walimwita mkono wa birika, jina ambalo hakulikataa. Jioni ile alipokwisha kusomewa barua alisema, "Baba Magreti, nauli ya kwenda kwa mama unaikojoa kila siku nyuma ya stesheni."

"Usinisemeshe hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto amelala. Vikombe vinne kwa siku, mara siku ngapi za mwezi, mara miaka mitatu. Ungekwisha mletea mama yako bati la nyumba, sembuse khanga."

Melkizedek alikasirika. Alipokwisha kukasirika alikubali. Hatakanyaga kwa Mwamvua mpaka aende kwa mama yake na kurudi. Yudith naye, maana hakuwa katili, aliahidi kumpikia kahawa hapo hapo nyumbani. "Kahawa ni kahawa," alisema. "Yeye ana mikono mitatu?"

Kumbe aliyasema kabla hajajaribu.

Siku ya kwanza alinunua buni dukani, akazikaanga kwa moto mkali, zikaungua nje na ndani zikabaki mbichi. Siku ya tatu alichanganya na mahindi ya kukaanga ili zitoshe siku nyingi, na kilichotoka kilikuwa uji uliokosa unga. Jirani akamwambia ajaribu mbegu za bamia, akajaribu, na Melkizedek akainywa huku amefumba macho kama anayekunywa mwarobaini. Yudith hakuwa mtu wa kushindwa. Aliacha kikaango akatumia chungu, akazikaanga polepole akizigeuza bila kuondoka, akazitwanga kwenye kinu badala ya kusagisha, akagundua kwamba tangawizi ikitiwa mapema inakuwa chungu, hivyo hutiwa mwisho, wakati birika linaepuliwa. Kufika siku ya kumi alikuwa anapika kahawa ya kuuza.

"Imekaa vizuri," Melkizedek alisema.

"Ila?"

"Ila siyo ile."

"Inakosa nini?"

"Ningekuwa najua ningekwambia."

Na kweli hakujua. Alichojua ni kwamba mwili umemgomea. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi. Alipima gunia moja la pamba mara tatu na kupata uzito wa namna tatu. Aligombana na abiria juu ya tenga la kuku, halafu akamfuata mpaka dirishani mwa behewa kumwomba radhi, treni imeshaanza kutembea. Alitembea jukwaa zima toka mwisho mpaka mwisho, akageuka, akarudi, na kila alipofika usawa wa hoteli miguu ilitaka kukata kushoto yenyewe. Mara mbili alimwona Bi Mwamvua amesimama mlangoni, mkono kwenye paji la uso, anamtazama. Mara zote mbili alijifanya anahesabu mabehewa. Usiku aliota mama yake ameketi juu ya mizigo, na alipoamka alianza kuhesabu siku upya, utadhani kuhesabu kungeziongeza.

Jumatano ya wiki ya mwisho Yudith alimeza kiburi chake. Alivaa khanga safi akaenda kwa Bi Mwamvua.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo mzima?"

"Mzima, ila hana raha. Nimekuja kuomba siri ya kahawa yako. Sina haja ya kufungua hoteli, nataka nimnyweshe yeye tu."

Bi Mwamvua alicheka kidogo. "Sina siri. Unavyopika wewe ndivyo ninavyopika mimi. Siri ni buni." Akaingia ndani, akarudi na gao moja la buni, la kujaza viganja, limefungwa kwenye gazeti. "Hizi ni karibu za mwisho. Na usiniulize zinatoka wapi." Yudith hakuuliza. Nani asiyejua kwamba siku hizo buni zote zilitakiwa ziuzwe kwa chama cha ushirika, na anayeuza pembeni anatafuta kesi?

Melkizedek aliporudi nyumbani toka kazini alikuta gazeti limefunguliwa juu ya ungo, buni za kijivujivu zimetawanywa, Yudith anachagua vijiti. Aliinama achukue moja. Akainusa. Akachukua gao zima akalileta puani, akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi.

Zilinuka moshi.

Kwao, juu ya Mamboya, ukungu hukaa siku nyingi mpaka saa sita, na jua la kuanikia buni ni la kubahatisha. Mama yake hakulisubiri. Alizitandaza kwenye uchaga juu ya mafiga, zikaukia kwa joto la moto alipokuwa akipika, na moshi wa kuni ukaziingia mpaka ndani. Kila mwaka mpimaji wa ushirika alizinusa, akakunja uso, akazitia daraja la chini. Wenzake walimwambia aache. Yeye akasema moto wake anaujua kuliko jua la watu. Ni buni hizo hizo zilizomsomesha Melkizedek kwa wamisheni mpaka darasa la nane. Na nyumbani mwao hakuna aliyezionja hata siku moja. "Kahawa ni ya kuuzwa," mama alikuwa akisema, akimpiga kofi dogo la mkono. "Anayekunywa kahawa anakunywa ada yake." Ndiyo maana katika barua zote alizomwandikia, Melkizedek hakuwahi kutaja hoteli ya Mwamvua.

Aliondoka bila kofia. Alivuka barabara nusura agongwe na baiskeli, akaingia hotelini, akasahau hata salamu.

"Buni hizi ni za mama yangu."

Bi Mwamvua aliweka birika chini. Aliwatazama wateja wawili waliokuwapo, akamvuta Melkizedek nyuma ya banda.

"Kwanza nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo, ni za mama yako, Bi Agnesi. Huziteremsha Stefano, yule muuza vyungu, chini ya vyungu vyake, kila mwezi. Mwaka wa tatu sasa."

"Na hukuniambia?"

"Mama yako ndiye aliyekataza. Stefano alimwambia kwamba mwanawe anashinda kwangu, anakunywa kahawa kama Mwarabu. Nilidhani atakasirika. Mwezi uliofuata akaniletea kikapu, zimechaguliwa moja moja, hakuna iliyovunjika, na bei ya kunionea huruma. Akasema, 'Kama lazima anywe, anywe ya nyumbani. Ila asijue, maana ataona haya na kuacha kunywa, nami nitakosa habari zake.'"

"Habari zangu?"

"Sasa wewe barua zako zilikuwa na habari gani, Melkizedek? 'Mimi mzima, nitakuja.' Kila Stefano akipanda, bibi anauliza swali moja tu: bado anakunywa? Nami namwambia Stefano, mwambie anakunywa, vinne kwa siku. Anafurahi. Anasema basi ana afya."

Melkizedek alishika ukuta wa mabati. Ulikuwa wa moto kwa jua la mchana, lakini hakuutoa mkono.

"Na safari hii?" aliuliza. "Safari hii Stefano alimjibu nini?"

Bi Mwamvua aliangalia chini. "Stefano alipita Jumapili. Akaniuliza kama kawaida. Ningesema uongo? Nilimwambia wiki mbili na zaidi hajakanyaga hapa, na namwona pale jukwaani anazungukazunguka kama mgonjwa wa kichwa."

Hapo Melkizedek alipiga hesabu moja tu, nayo haikuwa ya senti. Stefano aliondoka Jumapili. Kwa miguu ni siku mbili. Mama alikuwa ameshapata jibu tangu jana.

Basi la upande ule lilikuwa la Jumatatu, na lori la kuhamisha watu lilikuwa la Jumamosi. Yudith alimfungulia pindo la khanga lililokuwa na senti zote za wiki tatu, kiasi cha kuanzia blanketi tu. Melkizedek alizitazama akamrudishia. Miaka mitatu alikuwa anangoja nauli na zawadi, na muuza vyungu alikuwa anapanda na kushuka kila mwezi kwa miguu yake, na mzigo kichwani.

"Utakwenda mikono mitupu?" Yudith aliuliza.

"Kaanga hizo buni," alisema.

Alfajiri ya Alhamisi aliondoka na kahawa iliyotwangwa, kipande cha tangawizi, kibirika kidogo na vikombe viwili. Vitalis alibaki na mizani. Alilala Msowero, kwenye kibanda cha nguzo mpya za kijiji kipya, kati ya watu wa milimani walioshushwa wiki iliyotangulia, wakiwa bado wanatafuta pa kuweka vinu vyao. Walimtambua. Mmoja alimwuliza, "Si tulisikia kwa Stefano unaumwa?" Hakulala tena. Ijumaa nzima alipanda, viatu mkononi, akipumzika pale tu pumzi ilipokata, na giza lilipomshika mguuni mwa mlima wa mwisho akajiegesha kwenye jiwe mpaka kukapambazuka.

Jumamosi asubuhi alifika. Kijiji kilikuwa kimekwisha. Majirani walikuwa wameng'oa nguzo na milango wakaondoka navyo, na palipokuwa na nyumba palibaki mafiga na majivu. Nyumba moja tu ilikuwa imesimama, na moshi ulitoka. Mbele yake palikuwa na mizigo mitatu imefungwa kwa kamba, na juu ya mzigo wa kati alikuwa ameketi Bi Agnesi, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na fimbo ilikuwa mkononi. Uso wake ulikuwa umeelekea njia ya kuteremkia Kilosa.

"Shikamoo, mama."

Mama alisimama, akamshika mashavu, akampapasa shingo, mabega, mikono, akimkagua kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Wamesema umeacha kunywa kahawa. Nikasema lori likija lisipokuja nawe, nateremka kwa miguu nikakuzike."

Melkizedek alilia bila kujificha. Alitaka kueleza habari ya nauli, blanketi, khanga, na kila alichoanza kukisema aliona kinamdhalilisha, akaacha. Aliingia jikoni. Moto ulikuwapo, mama hakuuzima mpaka dakika ya mwisho, na juu yake uchaga ulikuwa mtupu, mweusi kwa moshi wa miaka. Alichemsha maji, akatia kahawa, akatia tangawizi mwisho, akaepua. Alitoka na vikombe viwili.

"Mimi sinywi hicho," mama alisema. "Ni ada."

"Ada imekwisha, mama. Nilikwisha soma."

Chini kabisa, kwenye kona za mlima, lori lilisikika likibadili gia. Mama alikitazama kikombe, akanusa, akapiga funda moja. Uso wote ulimkunjamana. Alimeza kwa shida, akamtazama mwanawe, akatazama mibuni yake iliyopanda mlima safu kwa safu nyuma ya nyumba, ambayo hakuna lori lingeibeba.

"Chungu hivi?" alisema. "Na hii ndiyo iliyokula nauli yako miaka mitatu?"

Lori lilikuwa linakaribia. Bi Agnesi alikimaliza kikombe, polepole, uso umekunjwa vilevile, kisha akakinga tena.

"Niongeze," alisema. "Nijue ulikuwa unafuata nini."