Viatu Vizima

Alhamisi ile Marceline alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaweka kiatu cha kushoto cha mwanawe juu ya goti, akaanza kuziba tundu lililokuwa katikati ya soli, kama alivyokwisha kufanya kile cha kulia. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, lingepitisha punje ya haragwe. Alilitoboa yeye mwenyewe kwa msumari siku alipomaliza kukishona, kama mama yake alivyotoboa vyake zamani. Kwetu kiatu cha mtoto hakiachwi kizima. Wakija wafu wa upande wa pili, ambao wana mazoea ya kuwaita watoto wafuatane nao, mtoto anawaonyesha soli na kusema: safari ni ndefu na viatu vyangu vimetoboka, siwezi kwenda. Wao ni waungwana, hawamburuti mtu mwenye kiatu kibovu. Basi wanaondoka.

Kwa watu wengi tundu ni la mtoto mchanga tu. Bibi Sofi, mama yake Marceline, alikuwa na msimamo wake, kwamba tundu libaki mpaka jino la kwanza ling'oke. Leona alikuwa na miaka minne na meno yake yote.

"Unaziba nini hapo?" Bibi Sofi aliuliza. Alikuwa akigeuza samaki waliotundikwa juu ya jiko la kuni.

"Yule mama wa ofisi ya serikali ya watoto kaandika. Anasema mtoto anavaa viatu vilivyotoboka."

"Si ungemweleza."

"Nilimweleza. Akaandika na hayo pia."

Bibi Sofi aligeuza samaki mwingine. "Haya. Wewe ndiye mama yake," akasema. Mama zetu wakisema hivyo, ujue wamekataa.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1964, na barabara ilikuwa imefika ziwani kwetu mwaka mmoja kabla. Tuliishangilia sana barabara ile. Baba yake Leona alikuwa amekufa maji, barafu ya ziwa ilipompasukia kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu, wakilala kitanda kimoja kilichokuwa karibu na jiko. Mjomba Ambrose, mdogo wake Marceline, alikaa nyumba ya pili na kula nyumba ya kwanza.

Leona alizaliwa na miguu mikubwa. Bibi yake alimwita Wabuus, yaani sungura wa theluji, ambaye miguu yake mipana humbeba pale wengine wanapozama. Ambrose hakuwa mpole kiasi hicho.

"Huyu msimshonee viatu," alikuwa akisema. "Mpeni mitumbwi miwili."

"Na wewe mjomba, hiyo pua yako tuijengee nini? Hema?" Leona alijibu, na Ambrose alicheka mpaka chai ikamtoka kwa hiyo hiyo pua.

Miguu ile ilikuwa na kazi yake. Kila Septemba tukishavuna mpunga wa ziwani na kuukaanga, tunaumimina kwenye shimo lililotandikwa ngozi, na mtu mwepesi mwenye viatu visafi anaukanyaga mpaka makapi yaachie. Mwaka ule Leona ndiye aliyekanyaga. Alishika miti miwili huku na huku, akacheza kwa wimbo wa bibi yake, na punje zikawa zinapenya kwenye matundu ya viatu na kumtekenya. Kicheko chake kilifika ng'ambo ya ghuba. Wapo wazee wanaosema hata leo kwamba mpunga wa mwaka ule ndio ulikuwa mtamu kuliko yote, na mimi nakubaliana nao. Ulikuwa na harufu ya moshi na ya ngozi, na ulitosha.

Jumanne iliyofuata gari la kijani lilikuja na mama wa ofisi pamoja na polisi mmoja. Yule mama aliinua mguu wa Leona kama mtu anayekagua kwato ya farasi, akaona kiraka, akasema vizuri. Halafu akaandika habari za samaki waliotundikwa juu ya jiko, na kwamba hapakuwa na maziwa, na kwamba watu watatu walilala kitanda kimoja. Alipomaliza kuandika alimvalisha Leona koti.

Kwenye mlango wa gari Leona alifanya alichofundishwa. Aliinua mguu, akawaonyesha soli, akasema kwa sauti ya adabu, "Siwezi kwenda. Viatu vyangu vimetoboka." Wale wawili hawakujua lugha yetu. Mtoto naye aliinama kuwaonyesha kwa kidole, asilione tundu. Alikitazama kiraka. Kisha akainua uso, akamtazama mama yake.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na nyayo sakafuni. Zilikuwa za maji, kama za mtu aliyetoka ziwani, zikitoka mlangoni kwenda kitandani, kitandani kwenda jikoni, na jikoni kurudi mlangoni. Zilikuwa pana, na kila moja ilikuwa na alama ya kiraka cha mviringo katikati. Marceline alizizunguka kwenda kuwasha moto. Kufikia saa sita zilikuwa zimekauka, na kesho yake zikawepo tena.

"Huyu mtoto hajifunzi kupangusa miguu," Ambrose alisema alipokuja kunywa chai, kisha akatoka nje akakaa nyuma ya banda la kuni kwa muda mrefu.

Msimu ule walichukuliwa watoto kumi na mmoja upande wetu wa ziwa, na sakafu kumi na moja zikawa na maji. Wageni walijifunza kukanyaga pembeni. Mbao zilioza mapema, na mkaguzi wa nyumba alipokuja aliandika kwamba tunaishi kizembe.

Ambrose, aliyejua Kiingereza, aliiandikia ofisi barua kila mwaka kwa niaba ya dada yake. Ofisi ilijibu mara mbili. Mara ya kwanza ilisema mtoto amepewa familia njema, na barua haziwezi kupelekwa huko. Mara ya pili ilisema mtoto anaendelea vizuri. Jibu hilo lilifika mwezi wa Januari, ambapo kila asubuhi zilionekana nyayo mbili tu, zimesimama pamoja kwenye pembe ya chumba, vidole vikielekea ukutani. Zilisimama hapo mwezi mzima. Marceline alihamishia kiti chake kwenye pembe ile, na huko ndiko alikoshonea.

Alishona kila vuli. Alipima nyayo kwa uzi, akakata ngozi iliyofukizwa moshi, akashona, na mwisho akachukua msumari na kutoboa soli zote mbili. Aliviweka viatu mlangoni, katikati ya njia ya nyayo. Alitaka zivikanyage. Alikuwa na imani moja tu maishani, kwamba mwanawe akivaa tena kiatu chenye tundu, hakuna gari litakaloweza kumpeleka popote. Asubuhi nyayo zilikuwa zimepita pembeni ya viatu kwa heshima, kama mtu anayepita pembeni ya wazee walioketi. Marceline alivitundika ukutani, akasubiri vuli nyingine.

Nyayo zilikua. Zikavaa viatu vya shule vyenye nyota kwenye soli. Mwaka mmoja zilichechemea. Mwaka mwingine zilikuja na visigino vyembamba, na Bibi Sofi akasikitika kwamba miguu ya maana kama ile imebanwa hivyo. Septemba hazikukosa hata mara moja. Mpunga uliomwagwa shimoni jioni ulikutwa asubuhi umekanyagwa safi, makapi pembeni, na Ambrose alikula sahani mbili akisema mpwa wake anajua kazi.

Bibi Sofi alikufa mwaka wa tisa. Kwa miaka yote tisa hakutaja kiraka. Marceline angefurahi kama mama yake angemtukana siku moja, wakamaliza. Yule bibi alikuwa mpole mpaka mwisho, na upole ule ulimuuma Marceline kuliko fimbo.

Leona alirudi Julai ya 1991, kwa gari la kukodi, akiwa na binti yake wa miaka sita aliyeitwa Kendra. Alikuwa amepata jina la ziwa kwenye faili lake. Marceline alikuwa mlangoni, unga ukiwa mikononi, na alichotazama kwanza ni miguu. Hakuhitaji kutazama kitu kingine.

Leona aliingia ndani huku akiongea, kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kimya. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, na kitandani hadi jikoni, akikanyaga juu ya nyayo za asubuhi ile moja baada ya nyingine bila kutazama chini. Hakuna hata moja iliyompwaya. Ambrose alikohoa.

"Anasemaje?" Marceline aliuliza.

"Anasema nyumba ni ndogo kuliko alivyodhani. Anasema hii harufu anaijua, ila hajui ni ya nini."

"Mwambie ni ngozi. Mwambie mwanangu, karibu nyumbani."

Ambrose alimwambia. Leona alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na hakuwa na neno letu hata moja mdomoni. Alimwita mama yake Marceline. Kendra alivua viatu, na Ambrose alipoona ile miguu aliomba mitumbwi miwili iletwe upesi. Ilipotafsiriwa, mtoto alimtazama usoni akauliza kama ile pua ni yake peke yake au wanaitumia wote. Marceline alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akalia hapo hapo kwenye kiti.

Siku ya pili alishusha viatu kutoka ukutani, jozi ishirini na sita, akavipanga sakafuni. Leona alipita mbele ya kila jozi. Alivaa jozi ya mwisho, ikamkaa. Akaivua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu na kusema kitu.

"Anauliza kama panya wamevila," Ambrose alisema. "Nimweleze habari ya tundu?"

Marceline alitazama kile kidole. Kueleza tundu ni kueleza kiraka, na kueleza kiraka ni kusema ni nani aliyekishona.

"Mwambie ndiyo. Panya."

"Dada."

"Mwambie panya, Ambrose."

Ambrose alimwambia panya.

Walikaa siku nne. Walikula mkate wa kikaango na beri, na Kendra akajua kumwita mbwa kwa lugha yetu. Asubuhi zote nne sakafu ilikuwa kavu. Jumapili Leona alisema kazi yake inamsubiri, na mtoto ana kambi ya kiangazi kule mjini, na watarudi Mungu akipenda. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu na kwa uchache wa maneno, akaondoka na jozi ya mwisho. Ile barabara ni nzuri, gari halikuchelewa kupotea.

Agosti yote sakafu ilibaki kavu. Marceline alijiambia kwamba basi, kiatu chenye tundu kimefanya kazi yake, mtu hazunguki tena. Septemba mpunga ulikutwa shimoni kama ulivyomwagwa. Aliukanyaga mwenyewe, na miaka yake hamsini na minane, Ambrose akimshikilia kiwiko na kumkejeli. Hakuumwa popote. Alikuwa na furaha, na alilisema hilo waziwazi kwa kila aliyepita.

Barua ilifika Oktoba, ikiwa na picha. Ambrose aliisoma mara moja kimya kabla ya kuisoma kwa sauti.

"Anasema alivipeleka kwa fundi wa viatu, fundi hodari sana, mzee. Ameziba yale matundu ya panya kwa ngozi bora. Anasema sasa ni vizima kabisa, na anavivaa nyumbani kila siku. Anasema alitaka ufurahi."

Pichani viatu vilikuwa vimegeuzwa soli juu, na kila kimoja kilikuwa na kiraka cha mviringo katikati. Fundi alikuwa hodari kweli. Mshono haukuonekana.

"Kajitahidi," Marceline alisema.

Asubuhi nyayo zilikuwepo. Zilitoka mlangoni kwenda kitandani, na kitandani kwenda jikoni, pana, za mwanamke mzima, na kiraka katikati ya kila moja. Nyuma yake zilifuata nyingine ndogo za mtoto, peku. Marceline aliweka ndoo chini. Akavuta kiti, akakaa mbele ya zile zilizosimama karibu na jiko.

"Hawakuwa panya," alisema. "Nilitoboa kwa msumari ili usiende. Halafu nikaziba kwa mkono wangu, kwa sababu mtu aliandika kwenye karatasi nami nikaona haya. Ulipoinama kutafuta tundu, mimi nilijua halipo."

Nyayo zilikuwa zimemwelekea. Zilibaki hapo maji yake yakimeta, na hazikusogea mpaka alipomaliza kusema yote, hata habari za mpunga. Marceline alisubiri. Kisha unyayo mmoja ulitokea karibu na mlango, na mwingine ukapita kizingiti, na ule mdogo nyuma yake. Zilishika njia ya kwenda barabarani kama kawaida, kwa mwendo mzuri, maana viatu vilikuwa vizima.