Saa ya Ghorofa ya Chini

Nilimwambia baba Jumanne asubuhi, tukikunja mashuka ya mama. Sikuwa na nia yoyote. Mimi si mzungumzaji, na baba naye ni mtu wa maneno ya kuhesabika, kwa hiyo tukiachwa peke yetu mimi hutafuta la kusema katika vitabu ninavyoazima kazini, maktaba. Fizikia yenyewe niliiacha sekondari kwa machozi. Vitabu vinavyoieleza kwa watu wa kawaida, hivyo navisoma kama wenzangu wanavyosoma riwaya za mapenzi.

"Baba, unajua saa ya juu na saa ya chini haziendi sawa?"

"Betri hizo."

"Siyo betri. Wakati wenyewe. Ukiwa karibu na ardhi unakwenda polepole zaidi. Wamepima."

Aliacha shuka. Alikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na moja, na sasa anaishi ghorofa ya sita katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani, majirani wakimtania kila wanapokutana naye kwenye ngazi.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nawapandisha watu wakazeeke haraka?"

"Kidogo tu, baba."

"Kidogo kiasi gani?"

Mama akakohoa chumbani. Nikaenda, na jibu nikaliacha hapo hapo.

Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu tu. Alikuwa anangoja kitu kimoja: kumwona kaka, aliyeajiriwa ng'ambo na aliyepata ruhusa ya kufika Ijumaa jioni. Muuguzi aliyekuja kumchoma sindano alituambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba labda hatavuka Alhamisi.

Jioni ile baba alirudi na ufunguo wa chumba cha msimamizi wa jengo, kile cha chini kabisa, kando ya ngazi.

"Kesho tunamshusha mama yako."

"Baba…"

"Si umesema mwenyewe? Kaka yako yuko huko nje, saa yake inakwenda kama kawaida. Huku sisi tunamchelewesha mama kidogo. Basi, watakutana."

Alikuwa ameielewa vizuri kuliko nilivyoielewa mimi mara ya kwanza. Kosa halikuwa katika mawazo yake, lilikuwa katika kiasi, na kiasi nilikuwa nacho mimi. Nilikipiga hesabu pale pale nyuma ya kadi ya maktaba: ghorofa sita, siku tatu, nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Lakini kwa wiki nzima nilikuwa nimemwona akizunguka nyumbani na mikono mitupu, akikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Kadi nikaitia mfukoni.

Tulimshusha kwenye kiti cha plastiki, baba mbele, jirani yetu mchomeleaji nyuma.

"Mama mkubwa, tukikudondosha usitushtaki," jirani alisema akihema.

"Nikidondoka nitafika mapema. Si faida hiyo?"

Ghorofa ya tatu mama alishika chuma cha ngazi akaguna, jasho likimtoka. Wakamtua. Nilichuchumaa kumfuta uso.

"Profesa," aliniita hivyo tangu nianze kusoma vitabu vyangu, "hiyo nyongeza yenu ni ya muda gani?"

"Inatosha, mama."

Alinitazama. "Hujui kudanganya wewe. Ila baba yako usimwambie."

Alhamisi ikapita, na mama yupo. Ijumaa ikakucha, yupo. Baba alinikonyeza juu ya sufuria ya uji, mara ya kwanza maishani mwangu.

Saa tisa kaka akaandika: *Nimetua. Simu inaishiwa chaji. Nakuja.* Nikamjibu: *Njoo moja kwa moja, anakungoja.* Sikuandika kwamba tuko chini. Nilikuwa nimeshinda katika chumba kile siku tatu, na harufu yake ya rangi na mifagio, nikakiona ndiko kwetu.

Kufikia saa kumi na moja pumzi za mama zilikuwa zinaachana. Tulifunga mlango kwa sababu upepo wa ngazini ulimtetemesha. Baba alikuwa anamsugua mguu. Nje vikapita viatu, na magurudumu ya sanduku yakigonga ngazi moja moja.

Mama akafumbua macho. "Huyo."

"Huyo nani?" baba akauliza.

"Mpangaji, mama," nilisema, nikimlowanisha midomo kwa pamba.

Kelele zikapanda, zikafifia. Akavuta pumzi, akakaa sana, akavuta nyingine. Ndipo nikasikia, mbali huko juu, mtu anagonga mlango wetu na kuita, "Mama! Jamani, mko wapi?"

Nilikimbia. Nilikutana na kaka ghorofa ya nne, sanduku ameliacha juu. Tulipoingia, baba alikuwa bado ameshika mguu wa mama, lakini hausugui tena.

Vitabu vyangu vinasema njia ya kwenda mbele katika wakati ipo, ni suala la mwendo tu. Ya kurudi nyuma hakuna aliyeiona. Zamani nikisoma kurasa zile nilitamani makubwa: kurudi utotoni, nimkute mama kwenye cherehani. Sasa sitaki hata saa moja. Nataka dakika saba. Nisimame, hatua nne, nifungue mlango.

Jumapili, watu walipokwisha kuondoka, baba alinifuata jikoni. Alisimama akifungua na kufunga bomba.

"Kama tungemwacha juu," alisema, "hata hiyo Ijumaa asingeiona. Au?"

Nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

"Asingeiona, baba."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akaniuliza kama kaka amekula.