Woga au Ugonjwa

Bilauri ilimponyoka Naziha akiosha vyombo, ikavunjika ndani ya sinki, naye akabaki amesimama huku maji yakimwagika bure. Mtu mwingine angeokota vipande akaendelea na kazi zake. Naziha aliuinua mkono wa kulia mbele ya macho yake, akatandaza vidole, akavitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Kwanza vikombe, kisha mabega yakawa yanaruka yenyewe, zikaja hasira zisizo na sababu, halafu siku moja akapotea njia ya kutoka sokoni kurudi nyumbani, katika mji ule ule wa Sfax alimozaliwa. Alikufa nywele zake bado nyeusi. Jamaa walisema ni mishipa, na Naziha alipoolewa na Mongi, mwalimu mwenzake, alimwambia mumewe hivyo hivyo: mama alikufa kwa mishipa. Mongi hakuuliza zaidi. Mambo yalikaa hivyo mpaka kaka yake Naziha, Sadok, kinyozi aliyesifiwa mtaa mzima, alipoanza kuwakata wateja masikio. Watu wakasema analewa mchana. Kiti chake kikakaa kitupu.

Aliyelifumbua jambo hilo ni Daktari Raudha wa hospitali moja ya Tunis. Ni ugonjwa wa ubongo, alisema, unarithiwa, na kila mtoto wa mgonjwa ama ameupata ama ameukosa, kama kurusha sarafu. Daktari huyo aliongoza utafiti wa serikali uliofuatilia koo zenye maradhi hayo, na ndani yake kulikuwa na dawa ya majaribio iliyokuwa imeutuliza mwili wa Sadok kiasi cha kujilisha mwenyewe. Kipimo cha damu kilikuwapo pia. Naziha hakuwahi kukitaka. Mongi aliambiwa tu kwamba shemeji yake ana kifafa, na Naziha alikuwa akienda Tunis kwa kisingizio cha semina.

Jioni ile ile ya bilauri, Daktari Raudha alimpigia simu.

"Dada Naziha, wanataka kutukatia fedha. Kamati ya bunge inakaa wiki ijayo. Wanasema wagonjwa wenyewe ni wachache mno, na mambo ya ubongo yaachiwe nchi tajiri."

"Sasa mimi nifanye nini, daktari?"

"Uje uzungumze. Takwimu nimewapa mpaka wamesinzia. Nataka wamwone mtu."

"Mpeleke Sadok."

"Sadok ulimi umeshakuwa mzito, watamwonea huruma tu. Wewe ni mwalimu."

Naziha alisogea mbali na mlango wa sebuleni, akashusha sauti. "Wataonyesha kwenye televisheni?"

"Moja kwa moja."

"Basi siwezi. Nisamehe."

Alikata simu. Binti yao Shiraz alikuwa ameposwa na watu wa Mahdia, familia ya kuuliza maswali, na mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshatuma watu kupeleleza. Neno moja tu kuhusu ugonjwa wa kurithi lingetosha. Na si posa peke yake. Akilisema neno hilo mbele ya watu, ingembidi Shiraz ajiulize lile swali ambalo yeye Naziha alikuwa akilikimbia maisha yake yote.

Siku ya pili alikwenda kwa Sadok na mkate wa moto na supu ya shayiri. Alimkuta kitandani, miguu ikisukuma shuka, kichwa kikigeukageuka. Alimsimulia habari ya simu akitarajia kwamba atamwambia amefanya vizuri kukataa.

"Nenda," Sadok alisema. Maneno yalimtoka kwa taabu, moja moja. "Hotuba unazipenda. Utotoni ulikuwa unawahutubia kuku."

"Usinichekeshe. Naogopa, kaka."

"Na mimi. Dawa ikikatwa, nitarudi kule kwa kulishwa." Alisubiri bega lake litulie. "Wewe unaogopa usichokijua. Mimi nakijua."

Naziha alimshikia bakuli mpaka akamaliza supu kwa mkono wake mwenyewe. Alipotoka pale alimpigia daktari.

Chumba cha kamati kilikuwa na baridi, na taa za televisheni zilimchoma macho. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye sauti ya upole, alimkaribisha kwa heshima zote kisha akasema, "Bibi, tunakuhurumia. Lakini kuna hospitali hazina hata dripu za maji. Hizi ni koo chache tu. Tuwaambie nini wengine?"

Naziha alivuta kipaza sauti karibu. Mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya meza, ulianza kutetemeka. Aliushika kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao ukatetemeka. Wabunge wote waliiangalia mikono yake, na mpiga picha akasogea karibu.

Yale aliyoyaandaa usiku kucha kichwani mwake yalitoweka yote.

"Mnaona hii mikono," alisema. "Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu, na kaka yangu anao. Sijui kama huku kutetemeka ni woga, au ndio umeanza. Nchi nzima hii, anayeweza kuniambia ni yule daktari aliyekaa pale nyuma, ambaye leo mnataka kumfungia mlango. Na ziko nyumba nyingi zaidi ya mnavyofikiri, mheshimiwa. Hamzijui kwa sababu tumejificha. Mimi hata mume wangu sijamwambia. Anasikia sasa hivi, kama nyinyi."

Hakukumbuka vizuri alivyotoka. Alikumbuka tu kwamba mwenyekiti hakusema tena neno huruma.

Alipofika nyumbani Mongi alikuwa jikoni, hajawasha taa.

"Nilikuwa mkahawani," alisema. "Wameacha karata wote, wananiangalia mimi."

"Mongi."

"Kifafa, uliniambia. Semina, uliniambia. Ulidhani ningekukimbia?"

"Ndiyo," alisema Naziha, na ilikuwa kweli.

Mongi alisimama, akawasha taa. Hakumkaripia, na hilo lilimtisha Naziha kuliko makelele. Mwishowe akasema, "Shiraz yuko chumbani. Kaongee naye wewe, mimi sijui pa kuanzia."

Shiraz alikuwa amekaa sakafuni, simu mkononi. Watu wa Mahdia walikuwa wameshapiga kuvunja posa. "Waache waende," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto mdogo, "Mama, na mimi je?"

Jibu lilikuwa ndani ya damu ya Naziha mwenyewe, na ndiyo sababu alipanda tena gari la kwenda Tunis, safari hii na Mongi pembeni, akanyoosha mkono atolewe damu. Wiki za kusubiri alilala kwa vipande vipande. Kila kijiko kilichoanguka kilimfanya avitazame vidole vyake. Katikati ya wiki hizo kamati ilipiga kura: utafiti uendelee mwaka mmoja, kisha waamue upya.

Siku ya majibu alimshika Mongi mpaka kucha zikamwingia. Daktari Raudha hakumzungusha. "Huna, Naziha. Na kwa kuwa huna wewe, Shiraz hakupata kwako."

Mongi alilia. Naziha alisubiri furaha ije, ikawa haiji. Akilini alimwona tu Sadok, mwenye sarafu iliyoangukia upande mwingine.

Alikwenda kumwambia mwenyewe, akinyata mlangoni kama mwizi. Sadok alimsikiliza, midomo ikahangaika, na Naziha akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe umewadanganya wabunge wa watu," alisema. "Ulikuwa woga mtupu."

Alicheka mpaka mate yakampalia, akaanza kukohoa, uso ukabadilika rangi. Naziha alimwinamisha mbele, akampigapiga mgongo huku akimwita jina, mpaka pumzi ikarudi. Sadok alilegea mikononi mwake. Mwaka mmoja wa dawa ni mfupi, aliwaza Naziha, naye hakuthubutu kumwachia.