Kidole Gumba cha Bibi Tusajigwe

Jumamosi asubuhi Anyes alikuwa akiwakata kucha wazee wa makao ya Bondeni, akagundua kwamba kidole gumba cha kulia cha Bibi Tusajigwe hakina mistari. Kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Bibi, alama zako zimekwenda wapi?"

"Anazo Zebedayo. Kila akinipeleka kwa wakala wa benki kubonyeza kile kimashine, kidogo zinabaki mkononi mwake. Mwezi uliopita zikaisha."

Zebedayo ndiye msimamizi wa makao. Siku hizi kwa wakala anakwenda peke yake.

Anyes akahamia mkono wa kushoto. Bibi alikuwa hajapata sabuni tangu Pasaka, na kitenge chake kilikuwa kimetiwa viraka mpaka maua hayaonekani.

"Na fedha za kakao yako?"

"Anasema ushirika haujalipa."

Baba yake Anyes aliuza kakao kwenye mnada wa ushirika huohuo, na alishalipwa zamani. Mchana, wakati wa kupakua wali, Anyes alimtazama Zebedayo mikono. Kidole gumba chake kilikuwa kimenenepa kwa mistari ya watu wanne watano, imepandana kama magamba ya samaki mbasa.

Zebedayo ndiye aliyempa kazi, na Anyes ana mtoto darasa la saba. Jumapili nzima aliimba kwaya bila kusikia anachoimba. Jumatatu akaaga kwamba anampeleka Bibi kupimwa macho, wakapanda bajaji hadi kwa afisa ustawi, Bwana Andongwisye.

Afisa aliwasikiliza vizuri. Alikiinua kidole cha Bibi dirishani penye mwanga, akaandika: *hakina alama*. Kisha akasukuma fomu ya malalamiko.

"Bibi aweke dole gumba hapa chini."

Bibi akabonyeza. Karatasini likabaki doa la wino, duara tupu.

"Hili halitambuliki," afisa alisema.

"Niweke la kwangu," Anyes alisema.

"Wewe ni shahidi, dada. Mlalamikaji ni yeye."

Kwa kuwa utaratibu unataka msimamizi ajulishwe, alimpigia Zebedayo simu. Zebedayo alifika kwa pikipiki, akamwamkia Bibi kwa adabu, akaomba fomu ya kufuta malalamiko. Alichagua upande wa kidole, akabonyeza. Alama ilitoka safi, ina kovu jembamba katikati. Afisa aliilinganisha na ile ya kitambulisho cha Bibi. Zikalingana.

Bibi Tusajigwe aliinama juu ya karatasi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," alisema taratibu. "Hilo kovu ni la mundu. Nilikuwa navuna mpunga, nina mimba ya mwanangu Kisa."

Afisa akaandika kwamba mhusika amethibitisha alama kuwa ni yake, akagonga muhuri.

"Ndaga, mwanangu," Bibi alimshukuru afisa kwa Kinyakyusa, maana alikuwa amempa kiti.

Anyes hakusimama.

"Naomba fomu nyingine. Ya Mzee Kenani, wa makao yetu. Yeye bado ana mistari saba, nimeihesabu."

Afisa alifungua droo, akaifunga.

"Zimeisha. Njooni Ijumaa."

Nje, Zebedayo alikuwa ameshawasha pikipiki. Anyes alimshika Bibi mkono, wakashuka ngazi polepole, moja moja, kwa sababu ya magoti. Walipofika chini, Zebedayo alikuwa amekwishakata kona ya kurudi makaoni, aliko Mzee Kenani.