Shimo Lililoacha Kula

Mbele ya wapangaji wote, Mama Mwenye Nyumba alisimama uani na kusema kwamba choo kimejaa kwa sababu ya watoto wa Mama Pacha. Mwenyewe Mama Pacha alikuwa amechuchumaa kando ya karai la viazi, kisu mkononi. Jina hilo alipewa kwa kuwa alizaa mapacha mara mbili mfululizo, kisha akazaa mmoja peke yake, ambaye majirani walimwita Chenji.

Mama Mwenye Nyumba hakugomba. Alisema kwa sauti ya upole, ile inayouma zaidi, kwamba shimo lile lilichimbwa kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya jeshi, na kwamba mwisho wa mwezi anakitaka chumba chao kitupu.

Tangu hapo watoto waliogopa kwenda chooni. Mapacha wote wanne walivumilia mpaka wafike shuleni. Chenji, ambaye hakuwa na shule ya kukimbilia, alijibana mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma, akalia usiku kucha. Mama yake alimkanda tumbo kwa kitambaa cha moto huku amekaza meno. Yeye aliweza kutukanwa, alishazoea. Lakini mtoto kuogopa choo?

Kazi yake ilikuwa kumenya viazi na karoti kwa ajili ya mikahawa, na maganda aliyamwaga nyuma ya bafu. Lundo lile halikuwahi kuwa kubwa. Kila siku aliongeza, na kila siku lilishuka, likafuka joto na kujaa minyoo, mwisho likawa udongo mweusi. Ila asubuhi ile, baada ya usiku wa Chenji, alipokwenda kumwaga maganda aliona jambo ambalo siku zote alilipita tu. Upande mmoja wa lundo ulikuwa umesimama bila kushuka. Karoti zilikuwa bado na rangi yake, na minyoo imekauka kama nyuzi.

Huo ndio upande ambao Mama Mwenye Nyumba aliumwagia dawa ya choo, akidai anafukuza nzi.

Mama Pacha akasimama na beseni lake kiunoni. Alikumbuka siku wakwe wa Mama Mwenye Nyumba walipokuja, mmoja wao akamkuta funza akipanda ukuta wa choo. Aibu ile haikumezeka. Kuanzia hapo kila Jumamosi dumu zima la dawa lilimiminwa shimoni, ua ukanukia kama hospitali, na watu wakasifu. Ni tangu hapo shimo lilipoanza kupanda. Hasira ilimjaa taratibu, kama maziwa yanavyopanda jikoni.

Alimweleza jirani yake, kinyozi. Kinyozi akacheka mpaka akashika mlango. "Kwa hiyo, dada, umekuwa wakili wa funza?"

"Nawatetea wanangu," alisema, na kinyozi akaacha kucheka.

Jumamosi, Mama Mwenye Nyumba alipotokea na dumu lake, alimkuta Mama Pacha ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa choo. Miguuni pake palikuwa na mabeseni mawili. Hakuinuka.

"Mama, naomba uangalie. Haya uliyamwagia dawa. Haya hukuyafikia. Yote maganda yangu, ya siku zilezile."

"Naona uchafu, mwanangu. Nipishe."

"Wale wadudu waliokutia aibu ndio waliokuwa wakila tunachoacha humu. Wao na wengine wadogo hata macho hayawaoni. Ukawaua wote. Sasa sisi tunajaza na hakuna anayepunguza, halafu unakuja kuwahesabu wanangu."

"Kumbe tunaishi na profesa wa choo," alisema Mama Mwenye Nyumba, akageuka kutafuta wa kucheka naye.

Hakumpata. Bibi Redio, mpangaji wa zamani kuliko wote, aliyejua habari za kila mlango, aliuliza kutoka dirishani kwake mbona miaka ile ua ulipojaa watu hadi wengine wakalala barazani, shimo halikujaa. Kinyozi naye, aliyekuwa na kopo la maji mkononi, akasema kwa unyenyekevu kwamba maneno ni mazuri, ila yeye amebanwa.

Mama Mwenye Nyumba alisema haya, tutaona, na likizidi kupanda mtu atahama.

"Na likishuka?" aliuliza Mama Pacha.

Dumu lilirudi ndani.

Mvua zilipita, funza wakarudi, na shimo likaanza kushuka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umeshapita bila mtu kutaja chumba. Wala samahani haikutajwa. Siku moja Mama Pacha alimsikia Mama Mwenye Nyumba akimwambia mgeni wake kwamba choo chake hakijai, maana yeye anajua kukitunza.

Mama Pacha alikipasua kiazi katikati kwa pigo moja. Kisha akainua sauti, yeye ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka ua.

"Chenji! Nenda chooni, baba. Kaa humo mpaka uridhike."