Saa ya Kinshasa

Jimmy aliponiambia amebadilisha "kakitu kadogo tu" kwenye seva ya karieri, yale machimbo ya mawe tunayoyafanyia kazi, nilijua siku imeshaharibika. Nafanya naye kazi tangu biro yetu ya programu ifunguliwe hapa Likasi, na sijawahi kuona kakitu kake kakabaki kadogo.

"Kakitu gani?"

"Saa, yaya Dunia. Niliweka saa ya Kinshasa."

Akikosea ndipo ananiita yaya, dada mkubwa. Nikatua kikombe cha chai.

"Mukubwa wa karieri, anayekaa Kinshasa, alikuwa analalamika," akasema haraka haraka. "Ati ripoti zinafika na saa ya mbele. Jana jioni alinipigia yeye mwenyewe, nikabadilisha palepale. Nilisema nitaandika kwenye git leo, courant ya umeme ikirudi."

Nitaandika! Hilo neno litaniua mimi. Git ndiyo kumbukumbu ya kazi yetu. Ukigusa programu, hata mstari mmoja, unaandika pale umegusa nini na kwa nini, na toleo la zamani linabaki salama, ukikosea unarudi nyuma. Nimepiga kelele juu ya jambo hili mpaka wameniita madame Git. Wanacheka, kisha wanaenda karieri, wanabadilisha kitu hukohuko, na kuandika ni jioni, na jioni umeme umekatika.

Karieri yenyewe iko kwenye barabara ya Kakanda. Wanapasua mwamba kwa baruti, na wanapasua midi juste, saa sita kamili ya mchana. Programu yetu ina kazi moja kubwa: kabla ya midi, inashusha barieri, mti wa kufunga barabara, kule chini ambako barabara inazunguka mlima, kwa sababu watu wa baruti walio juu hawaoni magari. Sasa, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Mtoto yeyote wa shule hapa anajua. Kwetu ikifika midi, mawe yataruka, na programu itakuwa inafikiri bado kuna saa nzima, barieri iko juu, inakaribisha watu.

Na asubuhi ile mdogo wangu Mahamudu alipita nyumbani kuchukua mkate, akaondoka na lori la baba, unga na sabuni za kupeleka Kakanda. Nikatazama saa ya ukutani. Midi ilikuwa karibu.

"Jimmy, weye ni muntu ao ni nini?"

Nikampigia Mahamudu. Hapatikani. Kule bondeni simu hazishiki vizuri, najua, lakini nilipiga tena na tena. Patron wetu, Germain, akatoka chumbani kwake kwa makelele yangu. Nilipomweleza, akaanza kupiga karieri. Watu wa baruti hawana simu mfukoni, wanaziacha kwenye lango, maana hakuna anayesogelea baruti na simu. Msichana wa ofisini kwao akasema sawa, atatuma mtu apande kuwaambia. Kwa miguu!

"Rudisha toleo la git," Germain akaniambia. "Turudi nyuma, mambo yaishe."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimeshaanza. Umeme haukuwepo, kompyuta ilikuwa na chaji ya kubahatisha, nikaiunganisha na simu yangu. Nikachukua toleo la mwisho lililo kwenye git, nikaliweka kwenye seva juu ya lile la Jimmy. Likapita. Saa ikawa ya kwetu. Ili nisiache mambo kwa bahati, nikaiamuru programu: shusha barieri, sasa hivi.

Skrini ikaandika: barieri haijibu.

Nikarudia. Haijibu.

"Jimmy?"

Alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Alimtazama Germain, na Germain akatazama viatu vyake.

"Semeni basi!"

"Barieri tuliihamisha," Germain akasema polepole. "Baada ya mvua. Kale kadaraja kalikuwa kanabomoka, tukaisogeza mbele. Glody akafunga kisanduku kipya cha kuiendesha, tukaingiza namba yake kulekule, kwa seva."

"Na kwa git?"

"Tulisema tutaandika."

Mama yangu! Programu haijui barieri wala taa, inajua namba ya kisanduku chake tu. Namba mpya ilikuwa mahali pamoja duniani, kwenye seva, na mimi nilikuwa nimetoka kuifuta kwa mkono wangu, kwa kufanya kazi sawasawa. Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na lugha ya bibi yangu nikaimalizia. Glody, fundi wetu, alikuwa kule Mulungwishi kwa ndoa ya dada yake. Simu yake inaita, inaita, hapokei. Pengine walikuwa wanacheza.

"Imebaki taa nyekundu," nikasema.

Ile taa iko juu kabisa, mbele ya macho ya watu wa baruti, na haijahamishwa tangu siku ya kwanza. Namba yake kwenye git ni ya kweli. Ikiwaka, king'ora kinalia na hakuna anayethubutu kupasua. Lakini mashimo yakiwa yameshajazwa baruti, taa hiyo si mchezo. Wote wanatoka, eneo linafungwa, wakaguzi wanaitwa, kazi yote ya siku inakufa. Tuliambiwa ni kwa hatari ya kifo tu.

Nikapeleka mkono kwenye kompyuta. Germain akanikamata kifundo.

"Dunia, ngoja kwanza. Ile taa tukiiwasha kwa kosa letu siye, banatufukuza. Hatutapata tena kazi, ata hapa, ata Kakanda. Pengine mudogo wako amepita zamani. Pengine alisimama kula. Tumutafute Glody."

"Pengine?"

"Nasema tu…"

"Patron, Mahamudu iko kwa ile barabara. Na kama shi yeye, ni mutoto wa muntu mwingine. Uachie mukono wangu, ao nakuuma."

Ningemuuma, wallahi. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa.

"Umuachie, patron," Jimmy akasema. "Kosa ni yangu. Nitasema mbele yao bote."

Germain akaniachia. Nikaandika amri, vidole vinakosea herufi, nafuta, naandika tena. Nikatuma. Kile kiduara cha mtandao kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mpaka nikataka kuipiga ile kompyuta ngumi. Kisha: amri imetumwa. Imetumwa tu, haikusema imepokelewa. Nikangoja neno la pili, na chaji ikaisha, skrini ikawa nyeusi.

Kengele ya kanisa ikalia midi.

Jimmy akafanya ishara ya msalaba. Kutoka Likasi huwezi kusikia karieri, na hicho ndicho kilichonitesa: mwamba ungepasuka na sisi tungebaki tunatazamana, hatujui kitu. Nikajaribu kusoma sura za Kurani ninazozijua, nikazichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Nikamfikiria mama. Nilifikiria nitaingiaje nyumbani, nitasimama wapi, nitafungua mdomo na kusema nini. Germain alikaa chini sakafuni na suruali yake nzuri. Simu yake ikaanza kulia mezani, namba ya Kinshasa, na hakuinuka kuipokea.

Kisha ikalia ya kwangu.

"Yaya!" Mahamudu alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake nasikia king'ora. "Weye njo unatumika kazi na bale bantu ba karieri, ao? Ubaambie ni bapumbafu! Nimepanda juu ya muzigo kutafuta réseau ya simu. Lampe rouge inawaka kule juu, bantu banakimbia, gardien wao ameshuka mbio, ananikatalia kwenda mbele, ananikatalia kurudi. Jua hii yote, na sabuni ya bantu inayeyuka!"

"Uko wapi?"

"Chini ya mulima, yaya, chini kabisa! Nikiinua kichwa, naona mawe yenyewe. Ni mujinga gani aliwasha hii taa?"

Nikashika meza, nikakaa sakafuni karibu na Germain. Jimmy alikuwa analia waziwazi, hajifichi. Nilitaka kusema ni mimi, nikamwacha aendelee.

"Yaya? Unanisikia? Nasema ni mujinga gani…"

"Nakusikia, mudogo wangu," nikamwambia. "Mutukane tena. Mutukane mpaka uchoke."