Orodha ya Visima Saba

Mwenzangu alipoingia ukumbini, wanawake watatu walisimama kwa pamoja kumpisha kiti. Mimi nilikuwa nyuma yake, sanduku la chupa begani, nikatafuta pa kuegemea ukutani. Hakuna aliyenitupia jicho.

Miaka mitatu tulifanya utafiti mmoja, yeye na mimi. Kazi yangu ilikuwa maji: kuchota sampuli katika visima arobaini na kimoja vya mtaa ule na kupima kama vimeingiwa na madini ya risasi, yale yenye sumu, kutoka kwenye udongo wa kiwanda cha betri kilichofungwa zamani. Kazi yake ilikuwa watu: nani anachota wapi, nani anapikia maji gani, nani ataamini akiambiwa. Mimi walinijua kama mtu wa chupa. Yeye walimwita Shangazi, na sauti zao zililainika walipolitamka jina hilo.

Nilijiambia sijali. Lakini kila tulipopita vibarazani, yeye akivutwa mkono huku, akiulizwa hali ya mama yake kule, nilihesabu chupa zangu upya nisiwaone. Mimi niliinamia mashine hadi shingo ikakakamaa. Yeye, nilivyoona mimi, alikunywa chai tu na watu. Na ndiye aliyependwa.

Matokeo yalipotoka, visima saba vilikuwa na risasi kupita kiasi. Nilikuwa peke yangu maabara. Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa watoto wanaokunywa maji yale. Niliuona ukumbi, Shangazi akisoma orodha yangu, na watu wakimshukuru yeye.

Aliponiuliza matokeo, nilimwambia lazima nirudie vipimo. Jarida halipokei makala yenye vipimo vya mara moja. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana ilikuwa rahisi kujificha nyuma yake.

"Jarida lisubiri," alisema. "Mimi nipe unachokijua leo. Nitawaambia ni mashaka tu, wavipumzishe."

Nikamjibu kwamba sayansi haiendi kwa umbea. Akaondoka. Zikapita wiki sita. Vipimo vya pili vikasema yaleyale.

Siku ya mkutano na wakazi nilishikilia kuisoma orodha mwenyewe. Nilimaliza kusoma. Kisha mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, jirani wa kisima cha nne katika orodha, akainua mkono.

"Mtaalamu, mlijua lini?"

Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa ananiangalia, bila hasira, akisubiri kama wengine.

"Juzi," nikasema.

Shangazi akainamia daftari lake. Neno moja tu lingetosha kuniumbua, na alikuwa nalo mdomoni. Hakulisema. Watu wakanipigia makofi. Mzee mmoja akasimama kunishukuru kwa kuwahi. Yale makofi niliyoyatamani miaka mitatu yaliniangukia kama maji ya moto. Alasiri hiyohiyo wakazi walifunga pampu saba kwa minyororo.

Nilimfuata nje, nikaanza kumshukuru. Akanikatiza.

"Wangejua umewaongopea kuhusu siku uliyojua, wasingeamini hata habari za visima. Nimenyamaza kwa ajili yao, si yako."

Makala ilichapishwa. Nilikuwa nimeweka jina lake kando ya langu. Akaniandikia mstari mmoja tu, kuomba liondolewe. Mwanamke yule alijifungua mtoto wa kiume, nilisikia kwa watu. Mengine sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi nafundisha. Wanafunzi wakitaka kujua namna ya kufanya utafiti pamoja na wenye mtaa, nawaelekeza kwake. Hurudi wakicheka, wakisimulia walivyokaribishwa na jinsi Shangazi alivyowazungusha nyumba kwa nyumba. Mimi huwasikiliza kidogo, kisha huwauliza kuhusu sampuli.